Longibodi ya papi za mninga zilizogundishwa: unene, gundi na matundu ya traki

PapiMoja aliuliza:

Wakuu, nina ubao mmoja wa mninga, 1×6, futi 12, umekauka vizuri. Nataka kuupasua papi, nizigundishe ubavu kwa ubavu nipate longibodi (skeitibodi ndefu) ya kama mita 1 kwa sentimita 23. Ni ya lami tambarare na miteremko midogo, si ya kurukia ngazi. Mpandaji ana kilo 75. Traki (ekseli za chuma zinazofungwa chini ya ubao) za milimita 180 na magurudumu ya milimita 70 vipo tayari.

Ninachouliza: unene uwe kiasi gani? Papi zilale au zisimame? Gundi nyeupe ya kawaida inafaa? Na matundu ya traki yatobolewe vipi mbao isipasuke? Karakana ina klempu ndefu nne tu.

FundiRanda alijibu:

Ubao mmoja unatosha na unabaki. Kata vipande vitatu vya futi 4, kila kimoja kipige randa pande zote mbili mpaka kibaki na unene wa milimita 22, ndipo upasue papi za milimita 20. Msumeno unakula kama milimita 3 kila mkato, kwa hiyo kila kipande kinatoa papi 6, jumla 18. Unahitaji 11. Saba za ziada zinakupa uhuru wa kukataa yoyote yenye jicho, ufa, au nyuzi zinazokimbia kwa mshazari na kutokea ubavuni. Papi ya namna hiyo itakatikia hapo hapo hata uigundishe vizuri kiasi gani.

Zisimamishe. Geuza kila papi robo mzunguko, nyuso zilizopigwa randa zitazamane, na hizo ndizo zinapakwa gundi. Unapata maungio yaliyonyooka badala ya alama za msumeno, na pete za mti zikisimama ubao haujikunji kirahisi hewa ya unyevu ikija. Usipige msasa nyuso za kugundisha. Vumbi lake linaziba vinyweleo na kingo zinaviringika. Piga randa, futa vumbi, gundisha siku hiyo hiyo.

Gundi nyeupe inashika mninga vizuri, ila chukua ile iliyoandikwa D3 au D4 kwenye chupa, hayo ni madaraja ya kustahimili maji. Ya kawaida inalainika ikikutana na maji, na hii ni kitu cha barabarani. Maungio 10 yanakula kama gramu 90 ukipaka pande zote mbili, kwa hiyo chupa ya gramu 250 inatosha. Gundi inayotoa povu iache kabisa: povu linajaza nafasi lakini halina nguvu, linakuficha ungio bovu.

Usigundishe zote 11 kwa mkupuo. Kwenye joto la pwani gundi inaanza kushika ndani ya dakika 5 hadi 10, na papi ya kwanza itakuwa imeshakauka uso ukiwa bado unapaka ya nane. Gundisha 5, kisha 6, kesho yake unganisha mafungu mawili.

Klempu nne hazitoshi, unataka moja kila sentimita 20 au chini ya hapo. Badala yake pigilia mbao mbili za 2×4 sambamba juu ya meza imara, zikiachana sentimita chache kuzidi upana wa kazi. Tandika nailoni, panga papi katikati, kisha gongea kabari za jozi kila sentimita 15, moja ikiingia kutoka huku na mwenzake kutoka kule. Kabla hujakaza, bana papi kwa juu na vipande vya kukingama, la sivyo zitaruka juu katikati. Dalili ya mbano sahihi ni vitone vidogo vya gundi vinavyojitokeza urefu wote wa ungio. Gundi ikitiririka, ulipaka nyingi. Isipotokea kabisa, ungio lina njaa na litafunguka. Baada ya dakika 40 hivi gundi inakuwa kama mpira, itoe kwa patasi. Ukiisubiri iwe ngumu itang'oa nyuzi.

Unene: shusha mpaka milimita 16. Kwa mbao za aina hii, traki zikiachana milimita 700, mtu wa kilo 75 akisimama katikati ubao utashuka milimita 7 au 8 hivi. Ukishusha hadi 13 unashuka karibu mara mbili ya hapo, kwa sababu ugumu unafuata kipeo cha tatu cha unene: kila milimita unayoondoa mwishoni inauma kuliko ya kwanza. Pima, laza ubao juu ya matofali mawili usimame katikati, ndipo uondoe tena.

LamiNyeusi alijibu:

Nyongeza kuhusu matundu. Hesabu ya papi 11 si ya bahati, usiibadilishe iwe 10 au 12.

Matundu ya traki za kisasa yanaachana milimita 41 kwa upana na 54 kwa urefu. Papi zikishasimamishwa zinakuwa na upana wa milimita 22, na idadi yake ikiwa witiri, mstari wa katikati unapita katikati ya papi ya sita. Tundu linaangukia milimita 20.5 kutoka hapo, yaani karibu katikati kabisa ya papi ya jirani. Ukiwa na papi 10, mstari wa katikati ni ungio, na ungio linalofuata liko milimita 22. Tundu la milimita 5 litalikalia, na bolti zote nne zitakuwa zinachanua gundi kila unapokata kona.

Toboa kwa drili ya kusimama kama ipo, ukiweka kipande cha mbao kibovu chini ili upande wa pili usimeguke. Kutoka tundu la nje hadi ncha ya ubao acha milimita 90 au zaidi. Kwa ubao wa mita 1 na matundu ya ndani yakiachana 700, unapata 96. Bolti za M5 za kichwa bapa, urefu milimita 40, na nati za kujifunga zenye nailoni. Kichwa kizame usawa wa mbao tu. Ukichimba zaidi, koni ya kichwa inafanya kazi ya kabari na mbao inapasuka kufuata nyuzi.

Weka pedi ya milimita 6 kati ya traki na ubao, kisha egemea ukingo kwa uzito wote uone kama gurudumu linagusa. Likigusa ukiwa kwenye mwendo linajifunga breki na unarushwa mbele. Kama linagusa hata kidogo, chonga ubao sehemu hiyo au kaza bushi (zile raba za ndani ya traki).

PapiMoja:

Shukrani sana wakuu, hilo la papi witiri limeniokoa. Kingpini (bolti kubwa ya katikati ya traki) zielekee wapi? Na je, niongeze faiba ya kioo chini?

FaibaPwani alijibu:

Ongeza, mkuu. Hapa natofautiana kidogo na waliotangulia kwa kunyamazia hili. Skeitibodi za dukani kwa kawaida ni tabaka 7 za maple, na baadhi zimekingamishwa. Papi zako zote zinaelekea upande mmoja, kwa hiyo kwa upana nguvu ni ndogo. Tabaka moja la kitambaa cha faiba cha gramu 200 kwa mita mraba, kikiwa na nyuzi za kwenda na za kukingama, linafunga kasoro hiyo. Eneo ni mita mraba 0.23, epoksi gramu 80 zinatosha. Usitumie rezini ya poliesta ya boti, haishiki mbao ngumu vizuri na inabanduka. Paka kabla ya kutoboa matundu, na vaa barakoa unapopiga msasa, kwa faiba na kwa vumbi la mninga pia.

Ncha mbili zipe vanishi mikono mitatu, ndizo zinazonyonya maji. Juu bandika tepu ya msasa.

LamiNyeusi:

Kingpini: za milimita 180 mara nyingi ni zile za kugeuza, hizo zinaelekea nje, kwenye ncha za ubao. Za kawaida zinaelekea ndani. Ukizifunga kinyume, ubao unakata kona upande usiouegemea. Baada ya wiki ya kwanza kaza bolti tena, mbao huwa imejibana chini ya vichwa.