Wa Lamu na Malindi mliojifunza gita, tupeane uzoefu: kodi gani ya gita (chord, zile sauti za kubana nyuzi kadhaa pamoja, kama C, G, F) ilikutesa?

Mja wa Langoni: Jana usiku nimepita Mkunguni kuna kijana ameketi barazani na gita, anapiga G, anasimama, anaangalia vidole, anapanga kimoja kimoja, ndo anaingia C. Watu wameshakunywa kahawa wameondoka yeye bado yuko mstari wa kwanza. Nimecheka peke yangu njia nzima maana hata mie nlipita hapo hapo, ncha za vidole vya kushoto zinawaka mpaka kikombe cha chai nashikia mkono wa kulia. Haya semeni, kodi gani ilikutesa na ulitokaje? Nyie mnaojifanya mlizaliwa mnajua piteni mbali.

Kaskazi Boy: F. Sina la kuongeza.

Mama Watamu: F hapa pia 😂😂

Fundi Maweni: F mnaiogopa bure. Mtu hata Em haijamtulia, ashaanza kulaza kidole cha shahada nyuzi zote sita, si utalia? Piga nyuzi nne nyembamba tu. Shahada ibane uzi wa 1 (ule mwembamba kabisa) na wa 2 freti ya kwanza (freti ni zile nafasi kati ya vyuma vya shingoni), cha kati uzi wa 3 freti ya pili, cha pete uzi wa 4 freti ya tatu, na zile nene mbili usiziguse. Hiyo ni F kamili.

Kaskazi Boy: Hiyo ni F ya watoto bro

Fundi Maweni: Watoto wanaimbisha watu, wewe bado unalia. Na ikikushinda hata hiyo achia uzi wa 1 wazi, haitakuwa F yenyewe lakini kwenye wimbo wa polepole inakaa tamu.

Binti wa Barani: Mimi yangu si F, mimi yangu ni aibu. Nilikuwa kwaya ya vijana hapa Malindi, mpiga gita wetu akapata kazi hotelini akawa Jumapili haonekani, basi mwalimu wa kwaya akanitazama mimi kwa sababu alishaniona nimebeba gita. Nikamwambia mwalimu mimi najua C, G, Am na ile F ya kubahatisha, akasema zinatosha, nyimbo zote ni hizo hizo. Sasa siku yenyewe kanisa limejaa, wageni wapo, mwenye kuanzisha anaanzisha kwa sauti yake aliyoamka nayo, mimi naingia na C yangu, jamani, ilikuwa kama paka wawili juu ya mabati. Wa kinanda ananinong'oneza "E flati! E flati!", mimi hiyo E flati sijawahi hata kuisikia, naangalia shingo ya gita siioni iko wapi. Nikaendelea kusogeza mkono bila kugusa nyuzi mpaka ubeti wa mwisho. Kinachoniuma ni kwamba baada ya ibada mama mmoja alikuja kunishika mkono akasema nimepiga vizuri sana leo.

Mama Watamu: Nimekufa 😂😂😂 mama wa watu alisikia nini

Pwani Tulivu: Dada yangu tafuta kapo, kile kibanio cha kubana nyuzi zote shingoni. Funga freti ya 3, piga umbo lile lile la C, inatoka E flati. Kwisha.

Fundi Maweni: Usimpoteze. Afunge freti ya 1 apige umbo la D. Ndo E flati hiyo.

Pwani Tulivu: Amesema anajua C na G wewe unampa D ya kazi gani

Fundi Maweni: D ni vidole vitatu, atajifunza lini?

Mja wa Langoni: Nyote wawili mmefika E flati, mwagombania nini?

Mzee wa Udi: Mie nauliza tu, mji wetu huu una udi wa kupiga, mna taarab, hizi gita mwazitaka za nini? Udi hauna hata freti, sikio lako ndo linakuongoza. Nyie mwasoma namba za vidole.

Kaskazi Boy: Mzee kwa heshima zote, huo udi pia umekuja na jahazi. Na taarab ya Mombasa gita imo zamani.

Pwani Tulivu: Fundi Konde alikuwa Mgiriama wa huku huku, na miaka ya 1950 gita lake lishasikika kwenye santuri. Gita ya pwani si ya jana.

Mzee wa Udi: Fundi Konde simgusi. Nasema nyie.

Bin Mkomani: Ngojeni niwape ya kwangu. Nlinunua gita la mkono wa pili, la nyuzi za nailoni, uzi ukakatika. Duka moja wakaniuzia seti ya chuma, muuzaji akaapa nyuzi ni nyuzi. Binamu yangu akazitia, akakaza mpaka app ya kupima sauti kwenye simu ikakubali, mie nikalitundika ukutani chumba cha bibi kwa sababu ndicho chenye msumari. Usiku wa manane, joto lile mnalijua, upepo hakuna, tukasikia PAAA! Daraja lote la gita limeng'oka na nyuzi zake, limeruka mpaka kwenye zidaka, sahani ya bibi chini vipande. Bibi anapiga kelele mwizi, mwizi, taa zinawashwa hakuna mtu, sasa bibi kabadilisha, si mwizi tena, ni shetani. Ami kashuka na bakora, huku anasoma Ayatul Kursiyyu huku anapiga chini ya kitanda. Jirani wa ng'ambo naye kafungua dirisha auliza nani kafa. Nje punda kakata kamba katokomea. Kumbe gita la nailoni halikujengwa kubeba mvuto wa chuma, mbao inachoka inachoka mpaka gundi inaachia. Hayo nimekuja kuambiwa na fundi wa Malindi baadaye, usiku ule twajua ni jini.

Mama Watamu: Punda alipatikana??

Kaskazi Boy: Na sahani?

Mja wa Langoni: Tulikuwa kwenye kodi jamani

Binti wa Barani: Kodi zingoje. Sahani ilikuwa ile ya kichina ya zamani?

Bin Mkomani: Ya harusi ya mama yake bibi. Punda alirudi mwenyewe asubuhi. Sahani bado nasemwa kila Idi.

Mzee wa Udi: Udi haukuvunjia mtu sahani.

Fundi Maweni: Ndo maana nasema anayeanza aanze na nailoni, hata vidole havichubuki sana.

Pwani Tulivu: Chuma. Vidole vikomae mapema. Ila huku ufute nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza, chumvi ya bahari inazitia kutu.

Mama Watamu: Mimi kilichonitoa ni kugundua Am na C zinashirikiana vidole viwili. Shahada na cha kati havitoki, ni cha pete tu kinaruka kutoka uzi wa 3 kwenda wa 5, freti ya tatu. Nilikuwa nang'oa mkono wote kila mara.

Kaskazi Boy: Wewe! Ngoja nijaribu

Kaskazi Boy: Nimerudi. Ni kweli. Na E ni hiyo hiyo Am imepandishwa uzi mmoja kuelekea zile nene, mbona hamsemagi haya mapema?

Binti wa Barani: Nani yuko Malindi ana kapo aniazime Jumapili hii? Wa hotelini hajarudi.

Fundi Maweni: Njoo Maweni ukatoke nayo. Freti ya 1, umbo la D.

Pwani Tulivu: YA TATU