Ushauri: nimkosoe vipi mwanafunzi anayechora sura za watu kwa penseli?

MwalimuLangoni
Asalaam aleikum. Nina mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Lamu, anachora sura za watu akitazama picha za simu. Ameniletea tatu: mzee wa kofia ya vito, nahodha, na msichana wa buibui. Kope na makunyanzi kayachora vizuri mno. Lakini macho yamepanda juu na nyuso zimelala kama zimepigwa pasi. Anataka ukweli, ila nikimmwagia yote kwa mpigo atavunjika moyo. Nianze wapi?

Penseli2B
Waaleikum salaam, Mwalimu. Anza na vipimo. Kivuli kizuri hakiokoi fuvu lililokosewa. Macho hupanda kwa sababu paji na utosi havina cha kuchora, basi mwanafunzi huvibana. Mpe rula apime mwenyewe: utosi hadi kidevu, mstari wa macho hukaa karibu na katikati. Nyusi hadi kidevu, chini ya pua ni nusu. Baina ya macho mawili lingeenea jicho la tatu. Hivyo ni vya kuanzia tu, kwa uso unaotazama mbele; sura hufanana na mwenyewe pale anapotofautiana navyo.

Huyo mzee mtazame sana. Kofia huficha utosi, na wengi hukikata kichwa wakaibandika kofia juu ya nyusi. Achore fuvu zima hafifu kwa HB, penseli ya ugumu wa kati, halafu alivishe kofia.

Na tafadhali usiguse mchoro wake. Weka juu yake karatasi ya kufuatishia, usahihishe hapo.

BintiShela
Mwalimu, hizo picha zilipigwaje? Simu ikiwa karibu na uso, pua huvimba na masikio hurudi nyuma, naye atanakili kosa la kamera kwa uaminifu kabisa. Asimame kama mita 2, avute kwa zumu. Flashi azime: mwanga wa mbele hufuta vivuli, na huenda ndiyo sababu ya nyuso kulala. Mtu aketi barazani, shavu moja lielekee mwanga. Vichochoro vya mji vinatosha, hahitaji taa.

MkaaNaRaba
Kwenye kivuli, bila shaka ameshika 6B, penseli laini na nyeusi sana, akapaka uso mzima, maana ngozi ni nyeusi. Akifika chini ya kidevu hana giza lililobaki. Achore kwanza ngazi ya vivuli vitano, kutoka cheupe hadi cheusi, pembeni mwa karatasi, kile cheusi kabisa akiwekee tundu za pua, mboni na mikunjo ya buibui. Ngozi nyeusi hung'aa: mwanga wa paji na daraja la pua una kingo kali, asiusugue ukafifia. Weupe wa jicho nao si mweupe, una kivuli cha kope la juu.

Akikandamiza penseli, buibui litametameta badala ya kuwa jeusi. Atumie mkaa, lakini aamue mapema, kwani mkaa haushiki vizuri juu ya risasi ya penseli. Kidole marufuku, jasho na mafuta huacha madoa ambayo raba haitoi. Karatasi safi ikae chini ya kiganja.

MwalimuLangoni
Shukran sana. Ili anakili, huchora juu ya picha miraba ya sentimita 1. Nimwachishe?

Penseli2B
Usimwachishe, mpunguzie idadi. Miraba midogo humfanya anakili vipande asione kichwa. Picha ya sm 14 kwa 20 aigawe miraba ya sm 2, kwenye A3 iwe ya sm 4.

BintiShela
Mimi hapo sikubaliani. Miraba ikae kwa kazi ya kumaliza, lakini kila wiki achore mtu hai kwa dakika 20, bila rula wala raba. Jicho halijifunzi kupima likipimiwa.

Penseli2B
Haya, dada, nakubali nusu. Mwalimu, kikao cha kwanza zungumzia kichwa cha mzee peke yake. Arudie umbo lake mara tatu, bila kivuli, kisha mchoro na picha vigeuzwe juu chini ulinganishe naye. Mkaa na buibui vingoje kikao kingine.