Kompyuta ya Dell OptiPlex 780: diski (hard disk) inagonga, niweke nyingine au ninunue kompyuta mpya?

Mama Steshenari, Malimbe
Habari za jioni wakuu. Nina steshenari hapa Malimbe, Mwanza, wateja wangu wengi ni wanachuo. Juzi umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu, na tangu hapo kompyuta nikiwasha inagonga ndani tak, tak, tak, halafu inaandika haioni diski. Humo kuna kazi za watu na orodha yangu ya madeni. Fundi mmoja kaniambia imezeeka, ninunue nyingine. Hela hiyo sina.

Fundi wa Kirumba
Pole sana dada. Izime na usiiwashe tena, hata kwa kujaribu. Mlio huo mara nyingi ni kichwa cha kusomea kinachotafuta mahali pake juu ya sahani zinazozunguka ndani ya diski na kukosa, na kila ukiwasha kinaweza kuzikwaruza. Asitokee mtu wa kukufungulia diski yenyewe mezani, vumbi tu linaimaliza. Tafuta fundi anayejua ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, anakili diski nzima kwenda nyingine, mafaili yatolewe kwenye nakala. Ikigoma kusomeka, inabaki kazi ya maabara, na huko bei ni kubwa.

Kompyuta yenyewe usiitupe, inauma kuona mashine nzima zinauzwa kwa kilo. 780 inatumia SATA, njia ya kawaida ya kuunganisha diski, kwa hiyo SSD (diski isiyo na sahani zinazozunguka) ya inchi 2.5 inaingia. GB 240 inakutosha kwa steshenari. Mazabodi yake, yaani bodi kuu, inaishia spidi ya gigabiti 3 kwa sekunde, basi usilipie zaidi kwa ajili ya spidi, hutaiona.

Kufunga ni rahisi. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache, kisha gusa bati la kasha. Diski ya zamani imebanwa na fremu ya plastiki, inatoka kwa vidole. Kebo ni mbili, nyembamba ya data na pana ya umeme, na midomo yake ina umbo la L. Ikikataa kuingia, igeuze. SSD ni ndogo kuliko nafasi ile, omba na fremu ya kuipachikia.

Mzee wa Igoma
Fundi kasema kweli. Naongeza: ukiuziwa diski, iwe mpya au mtumba, ichomekwe hapohapo dukani wafungue CrystalDiskInfo, programu ya kukagua hali ya diski. Inaonyesha saa ilizofanya kazi. Ukikuta maelfu kwenye "mpya", rudisha.

Mama Steshenari, Malimbe
Asanteni kaka zangu, nimeshaichomoa ukutani. Niweke Windows gani?

Fundi wa Kirumba
Windows 11 haiikubali prosesa yako, na masasisho ya kawaida ya Windows 10 yaliisha Oktoba 14, 2025. Mimi ningekuwekea Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows; LibreOffice, programu yake ya kuandikia, inafungua mafaili ya Word. Ila mpangilio huhama kidogo, kwa hiyo mwanachuo mwenye majedwali mengi alete na PDF. Kabla ya yote hakikisha printa yako inakubali Linux, niandikie modeli yake.