Kwa Mkapa kelele ni zile zile za kwenye tivii au watangazaji wanatia chumvi?

Mangi_wa_Soweto: Wakuu habarini. Mi niko Moshi na toka nipate akili Simba na Yanga naziangalia kibanda umiza, jasho la watu na feni mbovu. Safari hii nimeapa dabi naenda mwenyewe, nadandia basi naenda Dar. Swali langu, ule uwanja wa Mkapa ukijaa kweli unatetemeka? Maana mara ya mwisho kuingia uwanjani ilikuwa Ushirika na pale unamsikia kabisa kipa akimtukana beki wake 😂 Halafu tiketi ya mzunguko, vile viti vya kawaida, inatosha au nijikaze VIP?

KijengeJuu: Mzunguko mangi, VIP watu wamekunja nne utadhani wako kwenye kikao cha harusi. Mi ni Simba na Novemba 2023 nilikuwepo siku ya zile tano kwa moja, mapumziko tulikuwa 1-1 tunaimba vizuri tu, kipindi cha pili wakaanza kutushushia. Uwanja mkubwa ule, unaona kule kwa Yanga mikono ishapanda juu halafu ndo mlio unakufikia, na huku kwetu kimya, yaani kimya cha msiba, mtu na kaka yake hawaangaliani. Hicho kwenye tivii hukipati.

mama_wawili_Ngaramtoni: Pole kaka 😅 Mangi, nenda mapema, watu elfu 60 wakifika getini kwa pamoja si mchezo, fainali ya Yanga na USM Alger 2023 kuna shabiki alipoteza maisha kwenye msongamano. Kadi ya N-Card, ile ya kulipia tiketi, iwe na hela kabla hujatoka, usitegemee kuhangaika nayo pale nje. Ukiona watu wanasukumana kaa pembeni, bora ukose goli la kwanza.

Chalii_wa_Ara: Mi nawapinga kidogo. Dabi ina presha kuliko kelele, kila mtu roho mkononi anaogopa kuchekwa wiki nzima kazini, dakika kibao watu wanauma kucha tu. Kelele zenyewe ni mechi za Afrika, uwanja mzima rangi moja na mgeni hana pa kuponea. Mi nilienda 2019 Simba na Al Ahly, Kagere wa Simba alivyofunga nilikumbatiwa na mzee simjui hata jina akanimwagia karanga zake zote, na sauti nilikuja kuipata niko Arusha tayari. Ule msemo wa kwa Mkapa hatoki mtu haukutokea kwenye dabi bana, pale lazima mmoja wenu atoke analia.

KijengeJuu: Chalii hapo umesema ukweli, ingawa imeniuma.

Mangi_wa_Soweto: Aisee mmenichanganya, nilijua dabi ndo kila kitu. Basi nasubiri mechi ya Afrika, hela ya basi ni ya safari moja tu na wife hajui bado. Afu KijengeJuu sikukuambia, mi ni Mwananchi, Yanga damu, zile tano niliziona nikiwa nimening'inia dirishani kibandani 😂😂

KijengeJuu: Ningejua nisingekujibu kabisa.