Mchina anarudishiwa TAZARA, Mmarekani kashika Lobito: sisi wa njiani tunapata nini?

Jirani_wa_Stesheni: Wakuu habari za jioni. Nakaa Iyunga hapa Mbeya, honi ya treni naisikia nikiwa kitandani. Sasa Mchina anapewa TAZARA, reli yetu ya Dar hadi Zambia, miaka 30 anaweka dola bilioni 1.4, huku Mmarekani na Ulaya wanaisukuma reli ya Lobito kule Angola ili shaba ya Kongo na Zambia itokee Atlantiki. Wakubwa wanagombea shaba ambayo hata si yetu, sisi Mbeya tutaambulia nini zaidi ya kuhesabu mabehewa?

Babu_Mwanjelwa: Dogo, hii haijaanza leo. Nyerere na Kaunda walianzia kwa Wazungu wakaambiwa reli hailipi, Mchina ndo akatoa mkopo usio na riba, kilomita 1,860 zikajengwa kuanzia 1970 na mwaka 1976 wakakabidhiwa. Leo hao hao waliosema hailipi wanakimbilia Lobito, nacheka sana.

Utingo_Tunduma: Babu historia tunaijua bana, njoo huku mpakani uone. Semi imebeba mabamba ya shaba yamefungwa mikanda ya chuma, dereva yuko foleni siku ya tatu, kalala chini ya trela, asubuhi anakula chapati mbili na chai kwa mama ntilie, pancha anaziba hapo hapo, usiku gesti. Mzigo ukihamia relini hao wote wanakula wapi? Behewa halinywi chai.

Kijana_wa_Songwe: Mi naona mnaangalia reli tu. Ngualla huku kwetu kuna madini adimu, yale ya kutengenezea sumaku za magari ya umeme, kampuni ya Australia ilikuwa na mpango wa kwenda kuyasafishia Teesside, Uingereza, ikaishia hewani, 2025 Shenghe ya China ikainunua kampuni nzima. Urani ya Namtumbo wako Warusi. Serikali ina 16% yake Ngualla sawa, ila mbona kila mwenye mradi akibadilika kiwanda cha kusafishia hakiji Songwe? Na chuma cha Liganga pale Ludewa mkataba na Mchina ulisainiwa 2011, mi sijaona hata msumari.

Babu_Mwanjelwa: Hapo kwenye msumari umenimaliza, sina jibu.

Jirani_wa_Stesheni: Utingo umenichekesha ila umeniuma pia, shemeji yangu anauza supu hapo Tunduma. Treni ya mizigo ndo inapita saa hizi, nimehesabu mabehewa 14, karibu yote matupu.