Gari la zamani linagoma mvua ikinyesha: nipulize dawa, nibadilishe waya au nihamie mfumo wa kielektroniki?

Spana13
Wakuu, nina gari la petroli la zamani, la kabureta na distributa (kigawa cheche kwa plagi) ya platini, vile vibati vinavyokata umeme wa koili. Kukiwa kukavu linashika kwa stata moja. Ikinyesha usiku kucha, asubuhi injini inazunguka kwa nguvu lakini haishiki. Jua likishapiga boneti, linawaka kama halikuwa na tatizo. Nimeshauriwa mambo matatu: nipulize dawa ya kufukuza maji, nibadilishe kifuniko cha distributa, rota (kipande kinachozunguka ndani yake) na waya za plagi, au niondoe platini nifunge mfumo wa kielektroniki. Fedha niliyo nayo inatosha jambo moja. Nianze na lipi?

Fundi Mkongwe
Umetusaidia kusema injini inazunguka kwa nguvu. Betri na stata viache, tatizo lako ni cheche.

Koili, kile kinachokuza umeme wa betri, inatoa volti zaidi ya 15,000, na umeme wa namna hiyo hutafuta njia rahisi ya kwenda bodi. Waya ukiwa mzima na safi, umeme unabaki ndani yake. Ukishika vumbi na mafuta, unyevu ukaja juu yake, ule uchafu unageuka njia, na cheche inaishia nje kabla ya kufika kwenye plagi. Ndiyo maana likikauka linapona lenyewe.

Dawa ya kupuliza naihesabu kuwa kipimo, si tiba. Siku likigoma, zima swichi, pulizia kifuniko peke yake kwa nje, subiri kidogo, kisha ujaribu. Halijashika, nenda kwenye waya, halafu koili. Pale litakaposhika ndipo umeme unapotorokea. Kopo moja linakuepusha kununua vitu vitatu kwa kubahatisha.

Nuru_K
Naunga mkono, na tahadhari moja tafadhali: usipulize ndani ya kifuniko ukakirudisha papo hapo ukapiga stata. Dawa nyingi za kopo zina mvuke unaoshika moto, na rota inarusha cheche humo humo ndani. Futa kwa kitambaa kikavu, uache wazi mpaka harufu iishe.

Cheche
Mimi ningeenda moja kwa moja kwenye kielektroniki. Platini zinalika, mwanya wake unahama, cheche inadhoofika, na cheche dhaifu ndiyo ya kwanza kushindwa na unyevu. Tangu nifunge sijashika tena msasa wa kusugua platini, na mvua hainisumbui.

Fundi Mkongwe
Mdogo wangu Cheche, kuhusu platini uko sahihi kabisa. Ila mfumo huo unabadilisha tu kile kinachokata umeme wa koili. Kifuniko, rota na waya vinabaki vilevile, na umeme unapita humo humo. Kifuniko kikiwa na ufa, ukiongeza nguvu ya cheche unaongeza na nguvu ya kuvuja. Je, siku ile ulibadilisha kitu kingine?

Cheche
Waya zote na kifuniko, fundi aliniambia zimechoka. Basi huenda hizo ndizo zilizoniponya. Asante, mzee.

Nuru_K
Spana13, kuna kipimo cha usiku ambacho hakihitaji kusubiri mvua. Egesha penye giza, washa injini, fungua boneti, kisha nyunyiza ukungu wa maji kwa chupa kwenye waya na kifuniko. Panapovuja utaona vicheche vya buluu vikiruka, na injini itaanza kukohoa. Mikono na nguo mbali na waya na feni. Pia chomoa waya mmoja mmoja, injini ikiwa imezimwa, uupime kwa mita. Mrefu utasoma juu kuliko mfupi, hilo ni kawaida. Usiosoma kabisa umekatika ndani.

Spana13
Nimerudi na majibu. Waya hazikutoa cheche hata moja gizani, lakini nilipoelekeza ukungu kwenye kifuniko injini ilizima palepale. Nilikifungua nikamulika tochi kwa ubavu: kati ya nguzo mbili kuna mstari mweusi mwembamba kama umechorwa kwa penseli. Nikasugua, hautoki.

Fundi Mkongwe
Hiyo ni njia ya kaboni, umeme umeuchoma huo mstari ndani ya plastiki. Usihangaike kuukwangua, utarudi. Nunua kifuniko na rota pamoja, kwa sababu rota iliyolika inaifanya cheche iruke mwanya mkubwa zaidi. Waya zifute mafuta tu, bado ni nzima.

Spana13
Nimefunga vyote viwili jana, na usiku imenyesha. Leo alfajiri limeshika stata ya pili. Nilipofungua boneti nikakuta tone linadondokea koili kutoka kwenye mpira wa ukingo uliochanika, kwa hiyo huo mpira naushughulikia kabla ya mvua ijayo.