Mkusanyiko upi wa magemu ya mashine za sarafu unafaa kucheza na watoto? Naomba ushauri

Mleta mada

Wakuu habari zenu. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu na magemu ya zamani, yale ya mashine kubwa za kusimama zilizokuwa zikila sarafu. Nataka kununua mkusanyiko mmoja wa kucheza kwenye TV na wanangu wawili. Mkubwa pedi (kile kidhibiti cha kushika mkononi) anaimudu vizuri, mdogo bado anabonyeza kila kitufe anachokiona. Nimepitia ya kampuni za Atari, Namco na Capcom, na kila mmoja unajinadi kwa idadi: huu 14, ule 32, mwingine zaidi ya 90. Je, idadi ndiyo ya kuangalia? Shida yangu ni mbili tu: gemu iwe ileile iliyokuwa kwenye mashine, na tucheze wote kwa wakati mmoja, siyo kupokezana zamu. Halafu kuna hili: mbona Pac-Man kwenye TV inakaa katikati tu, pembeni kote kumeachwa wazi? Natanguliza shukrani.

Jostiki

Mkuu, achana na idadi. Atari 50 ya mwaka 2022 ndiyo hiyo yenye zaidi ya 90, lakini sehemu kubwa yake ni magemu ya konsoli za Atari kama 2600 na 7800, yaani vifaa vya kuchezea gemu nyumbani kwenye TV. Ya mashine za sarafu ni machache ndani yake. Naipenda sana, maana kati ya gemu na gemu kuna picha, nyaraka na mahojiano na watu walioyatengeneza, na kwa anayetaka historia sijaona inayoizidi. Ila mengi humo ni ya mtu mmoja au ya zamu. Kwa shida yako haitakufaa. Pac-Man Museum+ nayo ya 2022 ina magemu 14, mazuri, lakini Pac-Man yenyewe ya 1980 ilitengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja mmoja, wa pili anasubiri wa kwanza afe.

KidoleChepesi

Tafuta Capcom Beat 'Em Up Bundle ya 2018. Magemu 7 tu, yote ni ya kutembea na kupiga, yote mnacheza pamoja. Captain Commando inabeba hadi watu wanne.

Kuhusu gemu kuwa ileile, hapa ndipo mikusanyiko ya siku hizi inapostahili sifa. Chukua Final Fight ya 1989. Kwenye mashine unachagua kati ya Cody, Guy na Haggar, na mnacheza wawili. Ilipopelekwa kwenye Super Nintendo, Guy hayupo, steji moja nzima haipo, na hakuna kucheza wawili! Kifaa cha nyumbani hakikuweza kuubeba mzigo wa ile mashine, kwa hiyo gemu ilibidi iandikwe upya na kupunguzwa. Leo ni tofauti: konsoli inaiga vifaa vya ile mashine, kisha inaendesha programu yenyewe ya asili. Unachokiona ndicho kilichokuwa pale.

Onyo moja. Sarafu kwenye mikusanyiko hii haziishi, unabonyeza kitufe tu zinaingia. Watoto watafika mwisho wa gemu kwa kufa na kufufuka bila kujifunza kumkwepa hata bosi mmoja, yule adui mkubwa wa mwisho wa steji. Wekeni kikomo cha sarafu wenyewe kabla hamjaanza, na mkishindwa mnarudi mwanzo. Gemu hizi zilitungwa kwa mtu anayeogopa kupoteza sarafu yake, na utamu wake uko humo.

Kobe wa Nne

Nakubaliana na KidoleChepesi kasoro kwa huyo mdogo. Kwenye Final Fight ukibonyeza kupiga na kuruka kwa pamoja linatoka pigo la kujiokoa, na likimpata adui linakukata uhai wako mwenyewe. Mtoto anayebonyeza vyote atajimaliza kabla adui hajamfikia, kisha atalia.

Kwa umri huo mimi ningeanza na Teenage Mutant Ninja Turtles: The Cowabunga Collection, 2022, magemu ya wale kobe wapiganaji. Ina magemu 13 ya Konami, na mawili ni ya mashine za sarafu: ile ya 1989 na Turtles in Time ya 1991, zote watu wanne kwa pamoja. Ile ya kwanza vitufe ni viwili tu, na kuvibonyeza pamoja hakukugharimu kitu, kunatoa pigo kali zaidi. Pia unaweza kurudisha gemu nyuma sekunde kadhaa mambo yakiharibika. Wagumu wanalichukia hilo, ila kwa mtoto mdogo linasaidia mno.

Mleta mada

Asanteni sana, hiyo ya kujikata uhai nisingeijua. Je, pedi ya kawaida inatosha au ninunue jostiki maalumu, ile fimbo kama ya kwenye mashine? Na swali la Pac-Man bado halijajibiwa.

FundiKioo

Pac-Man kwanza. Kioo cha ile mashine kilikuwa kimelazwa kwa ubavu, kwa hiyo picha ni ndefu kwenda juu: nukta 224 kwa upana, 288 kwa urefu. TV ya 1920 kwa 1080 ikiikuza mara tatu kamili unapata 672 kwa 864, yaani kama theluthi moja ya upana wa kioo. Galaga na Donkey Kong ni vilevile. Ukiona mpangilio wa kuivuta ijaze TV yote, usiuguse, Pac-Man atakuwa bapa. Final Fight na za kobe picha zake ni za kulala, hutapata tabu hiyo.

Pedi inatosha kwa hizo za kupigana. Panapokwama ni Missile Command ya 1980: mashine ilikuwa na tufe la kuzungusha kwa kiganja na vitufe vitatu, kimoja kwa kila kituo cha makombora. Kwa fimbo ya pedi alama ya shabaha haiendi kwa kasi ile hata ufanyeje. Tempest nayo ilikuwa na kitasa cha kuzungusha. Kinyume chake ni Robotron: 2084 ya 1982, iliyokuwa na fimbo mbili, moja ya kutembea na moja ya kufyatua, pedi za leo zina fimbo mbili, basi inakaa mkononi bila shida.

La mwisho, kwenye mipangilio ya TV washa hali ya gemu. Bila hiyo TV nyingi zinaichakata picha kwanza, unabonyeza kuruka na mchezaji anaruka akiwa ameshapigwa.

Mleta mada

Nimeelewa wakuu. Naanza na kobe kwa ajili ya mdogo, za Capcom zitafuata akizoea vitufe. Sarafu nitawapa tano kila mmoja, na mimi tatu.

KidoleChepesi

Tano ni nyingi, mkuu. Wape tatu, na steji ya kwanza wairudie hadi waimalize bila kutumia hata moja.